Ihahamuka, Kiwewe na Kihoro: Lugha ya Uponyaji katika Kazi ya Ujumuishi nchini Rwanda

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno ihahamuka lilienea nchini Rwanda kwa kutaja maumivu yaliyokataa kupoa. Neno hilo huhusishwa na ibihaha, yaani mapafu: mtu ameishiwa pumzi kwa hofu. Baadaye ihungabana, lenye maana ya kutikisika, lilishika nafasi katika lugha ya taasisi. La kwanza huyaweka maumivu kifuani. La pili humwondolea mtu mzima uthabiti wake.

Kiswahili, kilichopitishwa na Bunge la Rwanda kuwa lugha rasmi mwaka 2017, hutumia kiwewe. Hapa pana tatizo. Katika matumizi ya kawaida, kiwewe ni kuduwaa kwa muda kutokana na jambo la ghafla. Humpata mtu, kisha kikamtoka. Kihoro kina uzito zaidi, ila huelekea kwenye huzuni ya kupoteza. Hakuna kati ya maneno hayo linalomweleza anayebanwa pumzi kila Aprili, msimu wa kumbukumbu unapoanza. Mshauri wa sera anayesoma kiwewe anaweza kudhani kwamba warsha ya siku mbili itatosha.

Mpango wa tiba ya kijamii ulioanzia Byumba mwaka 2005, unaojulikana kama Mvura Nkuvure, unaonyesha njia nyingine. Jina hilo ni sawa na kusema "nitibu, nikutibu". Kitenzi kuvura, ambacho kwa kawaida ni cha tabibu, kimekabidhiwa wagonjwa wenyewe. Watu kati ya kumi na kumi na watano hukutana kila wiki kwa wiki 15: manusura, waliotoka gerezani, wake wa wafungwa. Huanza na usalama, wakapitia kuaminiana, kujaliana, heshima na mwelekeo mpya wa maisha. Kumbukumbu huja mwisho.

Mpangilio huo una maana kubwa. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza karibu mashauri milioni mbili, zilidai ushuhuda hadharani, mbele ya majirani. Zilikuwa mahakama, si zahanati, na hazipaswi kulaumiwa kwa hilo. Kosa ni la warsha za ujumuishi zinazoiga utaratibu wa mahakama, zikimwomba mshiriki asimulie yaliyompata kabla hajamjua aliyeketi kando yake.

Neno manusura nalo lina mpaka. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa mwaka 1994 hawakuhesabiwa miongoni mwa manusura waliostahili msaada wa mfuko wa serikali ulioundwa mwaka 1998, ingawa mama zao walistahili. Mama na mwana wa nyumba moja wakawa katika makundi mawili ya kisheria. Kwa hiyo, miongozo ya Kiswahili ingefaa ihifadhi ihahamuka pamoja na maelezo yake, na ibainishe, kabla ya kuandika manusura, ni nani anayeachwa nje ya neno hilo.