Mwenzetu akitutoka, nani atashika zamu yake?

Wamama wapenzi, kuna mchezo mmoja ambao wengi wetu hatujauona hapa kwetu, lakini una somo kwa kila kikundi. Unaitwa triatloni. Mtu anaogelea, halafu anapanda kinga, halafu anakimbia kwa miguu, bila kupumzika katikati.

Iko pia namna ya kuucheza kwa kupokezana. Timu ina watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mbio hizo ziliingia kwa mara ya kwanza. Kila mmoja aliogelea metre 300, akaendesha kinga karibu kilometre 7, akakimbia kilometre 2. Akimaliza, anagusa mkono wa mwenzake, na huyo ndipo anaruka majini. Mkono usipokugusa, huna ruhusa ya kuondoka.

Katika mchezo huu yuko mwanamke mmoja wa Nyuzilandi, Andrea Hewitt. Mchumba wake alikuwa Mfaransa, Laurent Vidal, naye mwanamichezo wa triatloni. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Andrea alitoka wa 6 kwa wanawake na Laurent wa 5 kwa wanaume. Mwezi wa nne mwaka 2014, moyo wa Laurent ulisimama akiwa katika mazoezi ya kuogelea. Waliweza kumwokoa, lakini mashindano aliyaacha. Hakukaa bure: alishika kazi ya kumfundisha Andrea. Tarehe 10 mwezi wa kumi na moja mwaka 2015, moyo ulimshinda. Alikuwa na miaka 31.

Andrea alimpoteza mchumba na mwalimu kwa siku moja. Miezi tisa baadaye alishindana katika Olimpiki ya Rio, akatoka wa 7. Mwaka 2017 alishinda mbio kubwa ya Abu Dhabi. Mwaka 2018, katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, alikuwa mmoja wa wanne wa Nyuzilandi waliopata medali ya shaba katika mbio za kupokezana.

Mimi naona hapo heshima kubwa kwa marehemu. Machozi ni haki yake, lakini machozi peke yake hayamalizi kazi aliyoiacha.

Sasa tujiangalie sisi. Mwenzetu akifariki, tunajua vizuri la kufanya. Tunachanga franga, tunapika, tunalala kwenye matanga, tunaimba, tunavaa kitambaa kimoja. Halafu matanga yanaisha, viti vinarudishwa, kila mtu anarudi kwake. Hapo ndipo maulizo yanaanza. Kama alikuwa hajapata zamu yake ya likelemba, franga zake zinaenda kwa nani? Kama alikuwa amekwisha kupokea, nani atalipa zamu zilizobaki? Tutawafuata watoto nyumbani kuwadai?

Sisi walimu tunaona matokeo darasani. Mtoto aliyekuwa anafika mapema anaanza kuchelewa. Daftari limejaa na hakuna wa kununua lingine. Dada mkubwa anakosa masomo siku mbili, tatu, kwa sababu anabaki na wadogo. Ukimwuliza, anainamisha kichwa. Mama yake alikuwa na kikundi cha wamama ishirini, lakini hakuna aliyepita hapo tangu siku ya mazishi.

Kwa hiyo ninaleta mawazo haya, tuyazungumze katika mkutano wetu.

Kwanza, kila kikundi cha likelemba au AVEC kiandike sheria ya kifo sasa, tukiwa wote wazima. Zamu ya marehemu ipewe watoto wake, mbele ya mashahidi. Deni lake ligawanywe kati yetu, ao litolewe katika sanduku la msaada.

Pili, kila mama aandikishe jina la mtu anayemwamini kupokea franga kwa ajili ya watoto.

Tatu, tugawane safari kama wale wa triatloni. Mmoja afuate mambo ya masomo. Mwingine afuate afya ya wadogo. Mwingine apite nyumbani kila juma, hata kama mkononi hana kitu. Mwaka ukiisha, amkabizi mwenzake kazi hiyo, asiiache njiani.

Msiseme kwamba ni mzigo mkubwa. Kwa mtu mmoja ni mkubwa kweli, ndiyo maana wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiwa ishirini, kila mmoja ana kipande kifupi tu. Na siku ambayo ni mimi nitaondoka, ao ni wewe, watoto wetu watajua mlango gani wa kubisha.