Nafuu ya nyumba Songea: Tusipime kwa kodi peke yake

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyetujaalia majumba yetu yawe mahali pa utulivu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anaitaja nyumba miongoni mwa neema alizowapa waja wake, na anaifungamanisha na utulivu. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban, ameihesabu nyumba yenye wasaa kuwa miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Kwa hiyo nyumba inayomnyima baba usingizi kwa madeni, na inayompunguzia mtoto chakula ili kodi ilipwe, imeikosa sifa yake ya kwanza hata kama ukuta wake umepakwa rangi na sakafu yake ina marumaru.

Swali hili linazidi uzito mwaka hadi mwaka hapa Songea. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 203,309 katika Manispaa yetu. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 280,000. Wote hao wanahitaji paa. Je, familia itajuaje kwamba nyumba inayotaka kuipanga, au kiwanja inachotaka kukinunua, kiko ndani ya uwezo wake?

Kipimo cha wenzetu na hali yetu

Wenzetu wa Marekani, tangu mwaka 1981, humtoza mpangaji wa nyumba za umma asilimia 30 ya kipato chake, na kiwango hicho kimekuwa kipimo katika nchi nyingi: ikivuka hapo, nyumba huhesabiwa kuwa ghali. Kwa mnunuzi, wataalamu wengi husema bei ya nyumba isizidi sana kipato cha miaka mitatu.

Vipimo hivyo si vibaya, lakini vimekatwa kwa kiwiliwili cha mtu wa mshahara wa kila mwezi. Songea ni mji wa mahindi. Wengi wetu, hata tukiwa na duka au cherehani, tunategemea fedha inayotoka shambani, na fedha hiyo huja katikati ya mwaka, baada ya mavuno. Mwenye nyumba naye, kwa mazoea ya nchi yetu, hataki kodi ya mwezi mmoja. Hutaka ya miezi mitatu, sita, au mwaka mzima, tena kabla ya kukabidhi ufunguo. Mzigo wa mpangaji basi uko pia katika wakati anaotakiwa kulipa.

Katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, waja wema wanasifiwa kwamba katika matumizi yao hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa kati na kati. Kwa mwongozo huo, tunaona kipimo kinachotufaa ni hiki: tusiulize tu nyumba inachukua kiasi gani, bali tuulize baada ya nyumba kuchukua chake, familia imebakiwa na nini kwa mwaka mzima.

Kwa mpangaji

Tuchukue mfano wa kukisia. Familia ina shilingi 400,000 mkononi kila mwezi. Imepata vyumba viwili pembezoni mwa mji kwa 60,000, na vingine karibu na kazini na shuleni kwa 100,000. Macho ya haraka yatachagua vya 60,000, maana ni asilimia 15 tu ya kipato.

Sasa tuhesabu. Kule pembezoni baba atapanda daladala au bodaboda kwenda kazini, na mtoto kwenda sekondari. Tukisema nauli yao ni 2,500 kwa siku, kwa siku 24 ni 60,000. Bomba la maji halijafika uani, na madumu yanagharimu 20,000. Nyumba ya 60,000 imekuwa ya 140,000, yaani asilimia 35 ya kipato, na ile ya 100,000 imebaki asilimia 25. Kwa mwaka, nyumba iliyoonekana rahisi imekula 480,000 zaidi.

Hata hivyo wengi bado wataichagua ile ya mbali, na si kwa kukosa akili. Kodi ya miezi sita kule ni 360,000, na kwa ile ya karibu ni 600,000, bado ujira wa dalali. Asiye na laki sita kwa mkupuo hulazimika kuishi kwa gharama kubwa zaidi kila mwezi. Ndiyo maana tunawanasihi wapangaji wabishanie muda wa malipo kuliko bei. Anayekubali kuongeza 5,000 kwa mwezi ili alipe kwa miezi mitatu badala ya sita, huenda amejipatia nafuu.

Kwa mkulima, tarehe ya kodi ni jambo zito zaidi. Kodi ikiangukia kabla mahindi hayajapata bei, atauza gunia kwa bei ya kutupa. Ikifika Februari, atanunua unga kwa bei ya juu kutokana na mahindi yaleyale aliyoyalima. Hasara hiyo haimo katika mkataba, lakini ni gharama ya nyumba. Ni heri mkataba uanze baada ya msimu wa mauzo.

Kadhalika mkataba uandikwe, kama tulivyoelekezwa kuhusu miamala ya deni katika Surat Al-Baqarah, aya ya 282. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba nchini ilifutwa mwaka 2005, hivyo kinga kubwa ya mpangaji ni kile kilichoandikwa na kusainiwa. Mkataba huo utaje pia kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa asili ni deni la mwenye jengo. Mpangaji akikatwa anaponunua umeme, ni haki arejeshewe au apunguziwe katika pango.

Kwa mnunuzi

Anayetaka nyumba yake atakutana na njia ya mkopo. Tuseme amekopa milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa takriban 420,000, na mwisho atakuwa ametoa zaidi ya milioni 75. Muislamu ameshakatazwa riba kwa kauli isiyo na utata. Hesabu hii inamwonesha tu sehemu ya hekima ya katazo hilo.

Zipo njia nyingine. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Sharia, na CRDB ilizindua huduma yake ya Al Barakah mwaka 2021. Hata huko, jina lisitutoshe. Tuulize: je, benki inaimiliki mali kwanza kabla ya kutuuzia? Je, bei ya mwisho inajulikana tangu siku ya mkataba? Je, tukichelewa, deni linaongezeka kwa faida ya benki? Na baada ya majibu hayo turudi kwenye kipimo chetu: kinabaki nini? Muamala wa halali unaweza bado kuwa mzito kuliko mabega yetu.

Wengi wetu hujenga kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao matofali ya kuchoma, kisha bati. Njia hii ni salama iwapo msingi wake ni salama. Kiwanja cha milioni moja na nusu kisichopimwa si rahisi kuliko cha milioni tatu chenye hati, ikiwa kesho kitadaiwa na warithi ambao hawakushirikishwa. Kabla ya kulipa, tufanye upekuzi ofisi ya ardhi, tuwaulize majirani, tujue kama ni mali ya mirathi isiyogawanywa. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla haijauzwa au kuwekwa rehani. Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba anayedhulumu ardhi hata shibiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Haki ya yatima iliyozikwa chini ya msingi haishushi bei ya kiwanja.

Kwa mwenye nyumba na misikiti

Wenye nyumba nao ni ndugu zetu, na wengi waliijenga nyumba hiyo kwa jasho la miaka. Kupokea kodi ni halali yao. Lakini Surat Al-Baqarah, aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Kumngoja mjane hadi auze mahindi yake ni ibada ambayo thawabu yake haipotei.

Na kwa kuwa kinachowakwamisha wengi ni ule mkupuo wa mwanzo, tunapendekeza kamati za misikiti ya Songea zianzishe mfuko mdogo wa qardhi hasan, mkopo usio na nyongeza, wa kulipia kodi ya kuanzia. Mkopaji aurejeshe kidogo kidogo kila mwezi, ili naye jirani yake akopeshwe.

Leo baada ya swala ya Isha, baba na mama wakae na karatasi. Waandike kodi, nauli, maji, umeme, ada na chakula kwa miezi 12, si kwa mwezi mmoja. Kitakachobaki ndicho kitakachowaambia kama nyumba ile ni yao.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie makazi yenye wasaa na riziki ya halali. Wallahu a'lam.