Kikohozi Hakiishi: Pesa Zako Uziweke Kwenye Kipimo Gani?

Kikohozi kimepita wiki mbili, huenda ni kifua kikuu (TB), na mfukoni mna shilingi mia tano tu. Usianzie duka la dawa. Antibiotiki za kubahatisha hula pesa, na baadhi, kama levofloksasini, huituliza TB kwa muda ikachelewa kugunduliwa.

Kipimo cha haraka cha DNA. Omba hiki kwanza. Kwa takriban saa mbili mashine husoma makohozi na kukwambia kama una TB, na kama vijidudu vyake ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya tiba. Hospitali za serikali hazitozi pesa kwa kipimo hiki. Kliniki ya kibinafsi ikikutoza, kumbuka kwamba tangu 2023 katriji moja ya kipimo hiki huuzwa chini ya dola 8 kwa nchi kama Kenya, yaani kama shilingi elfu moja. Uliza kinachozidi hapo ni cha nini.

Hadubini. Ni rahisi, lakini vijidudu visipofika maelfu kwa mililita huvioni, na haisemi lolote kuhusu usugu. Inafaa kufuatilia tiba, maana kipimo cha DNA hunasa hata vijidudu vilivyokufa.

Kuotesha vijidudu. Hupima dawa nyingi zaidi, ila majibu huchukua wiki kadhaa. Mwachie daktari aamue, hasa usugu ukionekana.

Eksirei na damu. Eksirei huonyesha doa, haionyeshi usugu. Vipimo vya kingamwili kwenye damu, Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2011 visitumike kutambua TB ya mapafu. Kwa vipimo hivyo vya damu usitoe hata shilingi.

Kinachouma ni gharama za pembeni: faili, kumwona daktari, tuktuk. Ukiwa mtaa kama Muyeye, hapa Malindi, uliza kituo cha afya cha mtaani kama wanapeleka sampuli wenyewe au ni lazima ufike Hospitali ya Malindi. Uliza pia kama katriji zipo leo, na kama majibu yatakuja kwa simu. Usipouliza, kipimo cha bure kitakulipisha nauli mara tatu.

Sampuli mbovu nayo ni nauli nyingine. Asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate matupu hayapimiki.

TB ikipatikana, dawa ni bure serikalini, hata za TB sugu. Hiyo mia tano iwe ya nauli na chakula, na uende wiki hii.