Dawa haingoji ugali

Leo tunazungumza juu ya lishe ya mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi. Naanza na swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki: "Sista, leo nyumbani hakuna chakula. Nimpe dawa au ningoje?"

Mpe. Usirushe dozi kwa sababu sufuria ni tupu. Wazo la kungoja chakula lilikuwa na sababu yake. Zamani watoto wengi walipewa ile dawa chungu ya maji, na hiyo ilitakiwa kunywewa pamoja na chakula. Siku hizi watoto wengi hapa Kenya wanatumia dolutegravir, na tangu mwaka 2021 ipo tembe ya wadogo ya miligramu 10 inayoyeyushwa kwa maji safi kidogo. Hii hupewa mtoto aliyekula au asiyekula. Dozi zikirukwa, virusi huzaana tena, vikaizoea dawa, na dawa ikashindwa kufanya kazi. Kama mtoto wako yuko kwa dawa nyingine, uliza kabla hujatoka kliniki.

Kuna jambo moja la kuangalia. Dawa za kuongeza damu na za kalsiamu hushikana na dolutegravir tumboni. Mtoto akiwa anakula, anaweza kuzimeza pamoja. Akiwa hajala, dolutegravir itangulie kwa saa 2.

Sasa tuje jikoni. Mwili wa mtoto huyu unapigana na virusi kila saa, na kupigana huko kunakula nguvu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 14, unasema aongezewe chakula cha nguvu kwa asilimia 10 hata akiwa mzima anacheza. Yaani, kama mtoto wa umri wake hushiba kwa vijiko 10, yeye apate 11. Akiugua au anapopona, 12 au 13. Akiwa anapungua uzito, 15 hadi 20. Bila shaka mtoto mgonjwa hawezi kumaliza vijiko 20 kwa mkao mmoja. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku.

Na kama hakuna cha kuongeza? Basi nenepesha kilichopo. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo tu. Pika uji wa wimbi mzito, utie kijiko cha mafuta, au njugu zilizosagwa, au omena zilizokaangwa kavu na kutwangwa. Njugu au mahindi yenye ukungu usitumie, hata ukiona uchungu kuyatupa. Ponda ndengu na viazi vitamu. Parachichi likiwa msimu wake, mpe kila siku. Zile poda za kuongeza kinga zinazouzwa kwenye matatu, mimi huuliza tu: mkebe mmoja ni bei ya trei ngapi za mayai?

Mtoto akikataa chakula, mfungue mdomo uangalie. Utando mweupe au vidonda ndivyo humfanya alie akiona kijiko. Mpe vyakula laini vilivyopoa, kama maziwa mala au ndizi iliyopondwa, bila limau wala pilipili, na umlete kliniki atibiwe.

Kijana wa bweni ana shida nyingine: anaogopa kuonekana akimeza tembe wakati wa kiamshakinywa. Kwa kuwa dolutegravir haitegemei chakula, kaeni naye na muuguzi mchague saa yenye faragha. Msichana aliyeanza hedhi ahimizwe kula maharagwe, omena na mboga za majani, na chungwa baadaye.

Kila ziara hakikisha mtoto amepimwa uzito. Aliye chini ya miaka 5 apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, naye huwekwa kwenye pakiti za chakula cha tiba cha njugu. Pakiti hizo ni dawa yake. Najua ni vigumu kula huku ndugu zake wanamtazama, kwa hivyo wao wape uji saa hiyo hiyo.

Akiwa hanyonyi, anatapika kila kitu, au miguu imevimba, usingoje siku ya kliniki. Mlete leo.