Siku ya Tatu Bibi Alinipa Kisu

Mtoto akipata nafasi ya kusoma Urusi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni la baridi. La pili ni la chakula. Mama yangu, pale Tanga, aliuliza la tatu: "Utalala kwa nani?" Hakusema wapi. Alisema kwa nani. Wakati ule niliona ni maneno ya mzee asiyejua mambo ya vyuo. Leo naamini hakuna swali lililonifaa kuliko hilo.

Wanafunzi wengi wa Kiafrika nchini Urusi hulala bwenini. Ndivyo ilivyo tangu 1960, Umoja wa Kisovyeti ulipofungua chuo kikuu mjini Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa 1992, likarudishwa 2023. Mwaka wa kwanza unasoma lugha, kisha unaingia kwenye fani yako. Bweni lina raha yake, maana hukosi Mkenya, Mnigeria au Mkongo wa kupika naye. Lakini jioni ikifika mnazungumza Kiswahili na Kiingereza, na Kirusi kinabaki kimefungiwa darasani na chaki.

Mimi nilikwenda Saint Petersburg mwishoni mwa Agosti 2016, kwa masomo ya lugha ya miezi kumi, na utaratibu wetu ulikuwa wa kukaa na wenyeji. Unalipa ada ya mwezi, unapewa chumba, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Kupata nyumba hakukuwa rahisi. Nyumba mbili zilikubali, zikaona picha yangu, zikakataa. Nililia, sitaficha. Mama alipopata habari alitaka nirudi, kwa sababu aliwahi kusikia redioni kwamba Aprili 2006 mwanafunzi wa Kisenegali alipigwa risasi akafa katika mji huohuo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mjane, mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Yeye hakuuliza rangi. Aliuliza, "Anakula nini?" Akaambiwa ni Mwislamu, hali nguruwe. Akasema basi hatapika nguruwe. Nitamwita Bibi tu, maana hakunipa ruhusa ya kuandika jina lake gazetini.

Alikaa ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti, mojawapo ya yale yaliyojengwa kwa maelfu enzi za kiongozi wa Kisovyeti Khrushchev ili watu watoke kwenye vyumba vya kuchangia. Jiko lilikuwa dogo, mita za mraba sita labda. Mtu mmoja akifungua friji, mwingine asimame. Mlangoni niliwekewa ndala za ndani, wao huziita tapochki, na kuanzia hapo kiatu cha nje hakikuvuka kizingiti. Hilo halikunipa taabu. Hata kwetu mtu haingii na viatu mkekani.

Nilimletea maua, sita. Aliyapokea kwa furaha, akayahesabu kwa macho, akatoa moja akalitia kwenye kikombe peke yake. Yaliyobaki matano akayaweka mezani. Sikuelewa, wala sikuwa na maneno ya kuuliza.

Kilichonisumbua zaidi ni salamu. Nilitafuta shikamoo ya Kirusi nikaikosa. Siku kadhaa nilihisi namvunjia heshima mtu mzima kila nilipofungua mdomo. Kumbe heshima yao kubwa imekaa kwenye jina. Mtu mzima humwiti jina lake tupu. Unalitaja pamoja na jina la baba yake, kama vile sisi watu wa pwani tunavyosema fulani binti fulani. Kisha unamsemesha kwa wingi, "ninyi", hata akiwa peke yake. Siku nilipomwita hivyo kwa mara ya kwanza, bila kukosea jina la marehemu baba yake, alikaa kitini akaniomba nirudie.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi hakuijua methali hiyo, lakini siku ya tatu alinipa kisu kidogo chenye mpini wa mbao na beseni la viazi, akaniwekea kigoda. Nikamenya. Aliokota ganda langu moja akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha: lilikuwa nene. Akanionyesha lake, jembamba kama karatasi. Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza.

Kirusi hakina kitenzi kimoja cha kwenda. Kuna kwenda kwa miguu na kuna kwenda kwa chombo. Kuna kwenda safari moja na kuna kwenda na kurudi, kila kimoja na kitenzi chake. Mwalimu wetu alituchorea mishale ubaoni wiki mbili. Mimi nilivijulia mlangoni, kwa sababu kila asubuhi Bibi alisimama pale kunihoji: unakwenda wapi, kwa miguu au kwa treni ya chini ya ardhi, unarudi saa ngapi? Nikikosea kitenzi hanifungulii mlango mpaka nirekebishe. Nikichelewa jioni simu inalia. Kuna wenzangu walioona huo ni usumbufu. Mimi nilijua kwamba katika mji wa watu milioni tano yupo mtu mmoja anayejua sijarudi.

Novemba nilifanya kosa. Nilikuwa nimemaliza borscht, ile supu nyekundu ya bitiruti, na kipande cha mkate mweusi kilikuwa kimebaki pembeni ya sahani, kimekauka. Nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Bibi aliinama, akakitoa, akakifuta kwa kiganja. Hakunigombeza. Alifungua kabati akatoa mzani wa kupimia unga, akachukua mkate mwingine, akakata kipande, akakiweka juu ya mzani. Akaongeza kibanzi. Akapunguza. Akangoja mpaka mshale ukatulia kwenye gramu 125.

"Huu," akasema, "ni wa siku nzima."

Mji huo wakati wa Vita Kuu ya Pili uliitwa Leningrad. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira tarehe 8 Septemba 1941, na mzingiro haukuvunjwa kabisa hadi 27 Januari 1944. Ni siku 872. Kuanzia 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, posho ya mtoto, karani na asiye na kazi ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku; mfanyakazi wa kiwandani alipata 250. Na mkate wenyewe haukuwa unga mtupu, ulichanganywa na makapi na selulosi. Nilikuwa nimeyasoma hayo kitabuni, nikayafaulu kwenye mtihani. Sikuwahi kuyaona mezani. Mama yake Bibi alikuwa na miaka 19 majira yale ya baridi. Aliyaanza akiwa na mdogo wake wa kiume, akayamaliza peke yake. Bibi alizaliwa mwaka mmoja baada ya vita, akalelewa na mwanamke aliyekusanya makombo kwa ncha ya kidole kila baada ya kula, hadi alipokufa.

Kipande kile kilichotoka kwenye ndoo alikichoma kikaangoni. Asubuhi nilikikuta kwenye sahani yangu. Nilikila chote.

Tarehe 27 Januari alinichukua hadi makaburi ya Piskaryovskoye. Huko wamezikwa karibu watu nusu milioni, wengi wao wamelazwa pamoja chini ya matuta marefu yenye jiwe la mwaka tu: 1942, 1942, 1942. Njiani alinunua maua mekundu ya karnesheni, manne. Maua ya jozi ni ya maiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitoa moja kwenye yale sita yangu. Juu ya theluji watu walikuwa wameweka peremende na vipande vya mkate. Bibi alifunga kitambaa kichwani, mimi nilikuwa na mtandio wangu, tukasimama bila kusema neno. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Yeye alipiga ishara ya msalaba.

Sitasimulia sana baridi, kila aliyekwenda huisimulia. Niseme tu kwamba giza la Desemba, mwanga ukiwa chini ya saa sita kwa siku, lilinichosha kuliko theluji. Ajuaye anakwenda kule ajiandae kwa giza.

Katikati ya Mei tulipanda treni hadi kwenye kiwanja chake nje ya mji, dacha, penye kibanda cha mbao na shamba dogo la viazi. Akanipa jembe. Lilikuwa jepesi, la kupalilia, mpini umelainika kwa mikono ya miaka mingi. Nilipoanza kuinua matuta kwa namna ya kwetu, akaacha kazi yake akaja kutazama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mimi ndiye niliyekuwa nafundisha. Nikamwambia ile methali ya mgeni. Akacheka, akasema Watanzania mmechelewa, yeye hakungoja hata jembe.

Kisha ukaja Ramadhani, tarehe 27 Mei 2017, na kule ndio wakati usiku haupo. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, na saa tisa na nusu limekwishachomoza. Kwa jua peke yake ni saa 19 za kufunga, na kabla yake kuna alfajiri. Bibi alinikataza siku ya kwanza, akidhani nitaanguka. Siku ya pili aliona nimesimama. Siku ya tatu alichukua kalenda yake ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, ambayo huandikwa saa ya kuchomoza na kuzama kwa jua, akazungushia kalamu nyekundu saa ya magharibi kwa mwezi mzima.

Kuanzia hapo hakulala kabla sijafuturu. Alinunua tende kwa Watatari, akawasha samawari. Neno hilo tunalotumia pwani asili yake ni Kirusi, na nilipomwambia hakuamini mpaka nilipompigia mama simu alitamke mwenyewe. Bibi alikuwa amefunga Kwaresima yake ndefu, bila nyama, maziwa wala mayai, na alinieleza kwamba mtu aliyefunga hapaswi kula peke yake. Ijumaa nilikuwa naswali kwenye msikiti mkubwa wenye kuba la buluu, uliofunguliwa 1913 ng'ambo ya Mto Neva. Siku ya Idi alinisindikiza hadi getini, kitambaa kichwani, akanisubiri nje na sahani ya chapati za maji za kwao.

Niliondoka mwisho wa Juni. Begi likiwa mlangoni alinikalisha kitini, naye akakaa, dakika moja, kimya. Ni desturi yao kabla ya safari. Kisha akaniuliza: unakwenda wapi? Nikajibu kwa kitenzi sahihi.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Baada ya vita ya Ukraine kuanza Februari 2022, kadi za Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi Urusi, na Januari 2023 Serikali ya Tanzania ilithibitisha kwamba kijana wetu aliyekwenda huko kusoma alifia vitani. Nafasi za masomo bado zinatangazwa na vijana wetu wanaomba. Mzazi, kabla hujauza kiwanja, uliza chuo kinatambulika wapi, nani anampokea mwanao, nani atamwandikisha uhamiaji ndani ya siku saba za kazi, na nani ataona hajarudi usiku. Akitakiwa kusaini karatasi ya Kirusi asiyoielewa, asisaini mpaka ubalozi wetu uione.

Nawe unayesafiri Septemba hii, jifunze jina la mwenyeji wako pamoja na la baba yake kabla hujapanda ndege. Hesabu maua kabla ya kulipa. Na mkate usitupe.