Maktaba Iwafuate Vijana Walipo

Ukifika Sindo usiku wa giza, huko kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, utaona taa majini ukadhani mji mwingine umezuka. Ni taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa lile, ambao huufuata mwanga wakaingia nyavuni. Mbalamwezi ikitoka kazi hupungua. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hayo, kwani dagaa wetu nao huvuliwa vivyo hivyo.

Mimi zile taa zilinikumbusha habari ya vijana na vitabu. Wako barobaro na wanawali ambao wakitoka shule huingia kazini: huyu nyavuni, yule kuanika omena. Na maktaba zetu nyingi hufuata saa za ofisi. Kijana akipata nafasi, mlango umekwisha kufungwa. Kwetu pwani hali ni hiyo hiyo. Mtoto hutoka shule akaenda chuoni, na akitoka chuoni magharibi imeingia. Kisha twalalamika kwamba vijana hawasomi! Wasome saa ngapi?

Katiba ya mwaka 2010 imezitia maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Basi swali hili si la kupelekwa Nairobi. Laweza kuulizwa papo hapo Homa Bay, na kwetu Mombasa, Kwale na Lamu.

Wala dawa yake si ngeni. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kuwapakia ngamia makasha ya vitabu huko Garissa, wakawafuata wafugaji walipo. Ikiwa ngamia aliweza kupita mchangani, mashua itashindwa nini baina ya Sindo, Mbita na kisiwa cha Mfangano? Ije jioni, na taa yake.

Lakini ndani ya kasha mna nini? Hapo ndipo penye neno. Vijana wengi huja maktaba na vitabu vyao vya mtihani, wakitaka meza na mwangaza tu. Wapewe, hapana ubaya. Ila wana maswali mengine wasiyothubutu kumwuliza mzazi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Homa Bay, kwa kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 23 walikwisha kushika mimba. Kwa nchi nzima ni 15. Na katika fuko za ziwa lile iko desturi mbaya iitwayo jaboya, ya mvuvi kumnyima mwanamke samaki wa biashara mpaka ampe mwili wake. Msichana anayekulia hapo ahitaji kitabu kinachomweleza mwili wake na haki yake kwa heshima, akichukue rafuni bila ya kuulizwa, “Wakitakia nini?”

Najua baadhi ya wazee watakunja uso. Nawakumbusha Safinatun-Najaa. Hedhi na janaba tulisomeshwa chuoni, ndevu hazijaota, na mwalimu hakuona haya.

Huko Mfangano kiko kituo kiitwacho Ekialo Kiona, maana yake kwa Kisuba ni dunia nzima. Kilianzisha mpango wa kompyuta zinazotumia nguvu za jua: mtu akikubali kupimwa virusi vya Ukimwi kila miezi sita, hutumia intaneti bure. Ni hekima, katika nchi iliyozika watu wengi kwa maradhi hayo. Walakini kwa kijana wa miaka 14 mimi ningetanguliza kitabu. Kipimo kifuate akishazoea mahali na kuwaamini watu wake. Mtoto mwoga akiwekewa sharti mlangoni hugeuka akaenda zake.

Na vitabu viwe vya lugha zao. Marehemu Grace Ogot alitoa Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983. Kitabu kama hicho chastahili kukaa bega kwa bega na hadithi za Kiswahili, na chochote cha Kisuba kipatikanacho, kwani wanaokisema wanapungua. Vijana wenyewe waulizwe wataka nini. Nahisi wavulana wataanza na magazeti ya mpira, na wasichana na hadithi za mapenzi. Mkutubi asiwacheke, awaandikie tarehe ya kurudisha, kisha awaonyeshe rafu ya pili.