Nanga Kuliko Tanga

Kutoka Grenada hadi Antigua ni kama maili 300 za baharini, na mashua ya tanga yenye urefu wa mita 12, ikipata upepo mzuri, hukata maili 6 kwa saa. Piga hesabu: saa 50. Mume na mke wanaong'oa nanga Grenada mwanzoni mwa Desemba, wakapanda kaskazini kisiwa kwa kisiwa na kurudi mwishoni mwa Mei, watakuwa wamesafiri saa 100. Tuseme 150, kwa kuwa kila mtu huchepuka njiani. Miezi hiyo sita ina saa zaidi ya 4,300. Zilizobaki zote mashua imesimama, imetia nanga.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu picha tunazoletewa za maisha ya baharini kule Karibi ni za tanga lililotuna na mtu aliyeketi omoni akipunga upepo. Si picha za uongo, lakini ni za zile saa 150. Wenzi wakiniuliza pesa zao waziweke wapi kwanza, siwatajii tanga wala mlingoti. Nawaambia wanunue nanga kubwa kuliko ile waliyoikuta kwenye mashua, na mnyororo wa kutosha.

Lakini upepo ndio unaochora njia, kwa hiyo tuumalize kwanza. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea pepo zinazogeuka. Majahazi ya Oman yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa alijua atangoja miezi. Karibi haina mgeuko huo. Pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, zikielemea kaskazini kidogo wakati wa baridi na kusini kidogo wakati wa joto. Kwa kawaida huenda kilomita 28 hadi 37 kwa saa, na mwishoni mwa Desemba huzidi hapo. Mabaharia wa huko wanaziita pepo za Krismasi. Bahati ya wasafiri ni kwamba visiwa vya mashariki vimejipanga kama upinde kutoka kusini kwenda kaskazini. Upepo wa mashariki, basi, hupiga ubavuni mwa mashua ikienda na ikirudi, na huo ndio mwendo mtamu kuliko yote kwa chombo cha tanga.

Taabu ni ya anayetoka Florida au Bahamas akitaka kuvifikia visiwa hivyo. Yeye anakwenda joshi mamia ya maili, akipiga bisha huku na huku, mawimbi yakimpiga usoni. Baharia Bruce Van Sant alikiandikia kitabu kizima kipande hicho, na shauri lake kuu angelielewa mvuvi yeyote wa Unguja: usishindane na upepo wa mchana, ngoja usiku, nchi kavu ikipoa na umande ukianza kushuka kutoka milimani ukaulegeza upepo wa bahari, kisha ambaa karibu na pwani ya Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico hadi asubuhi. Jua likipanda, tia nanga ulale. Hata hapo ujuzi wenyewe ni wa kungoja.

Turudi kwenye nanga. Nanga haishiki kwa uzito wake. Hushika kwa kujizika mchangani, nayo hujizika pale tu inapovutwa kwa kulazwa, sambamba na sakafu ya bahari. Ikivutwa kuelekea juu, inang'oka. Kazi ya mnyororo ni kuhakikisha mvuto unabaki chini. Kanuni ya mabaharia ni kupima kina, kuongeza urefu kutoka majini hadi omoni, kisha kuzidisha kwa 5. Upepo ukichafuka, kwa 7. Penye kina cha mita 5, na omo iliyo mita moja juu ya maji, wanatoa mita 30 za mnyororo, na hali mbaya mita 42. Mita 30 za mnyororo wa unene wa milimita 10 zina zaidi ya kilo 60, ndiyo maana siku hizi mashua nyingi zina winchi ya umeme.

Upepo nao una hila moja inayowaponza wageni. Ukiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya mashua haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Nanga iliyotulia kabisa jioni inaweza kuburura saa nane usiku, wingu la mvua likipita na kishindo chake cha dakika ishirini. Kwa hiyo wenzi makini wakishatia nanga hurudisha mashua nyuma kwa injini hadi mnyororo ukaze, kisha mmoja huvaa miwani ya kuzamia akaenda kuitazama. Maji ya Karibi ni maangavu, hivyo hakuna kisingizio. Mchanga ni mzuri. Majani ya bahari hudanganya, kwa kuwa nanga huteleza juu yake bila kuzama. Matumbawe hayaguswi, mnyororo ukizunguka juu yake usiku mmoja huvunja kilichochukua miaka mingi kuota, na katika hifadhi kama Tobago Cays kuna maboya ya kufungia.

Hapo ndipo ndoa inapopimwa, tena mbele ya watu. Kila aliye kwenye ghuba hukaa na kikombe chake kutazama mgeni anavyotia nanga. Mazoea ya zamani humweka mume kwenye usukani na mke omoni, akihangaika na chuma. Kwa maoni yangu ni kinyume cha akili. Kushika usukani hakuhitaji misuli, mnyororo ukikwama unahitaji. Wanaobadilishana nafasi hizo hugombana kidogo, na wanaokubaliana ishara za mikono badala ya kupigiana kelele kutoka omo hadi tezi hugombana kwa nadra zaidi.

Baada ya nanga kuna umeme na maji. Mashua ni kijiji cha watu wawili kisicho na TANESCO wala DAWASA. Mlaji mkubwa wa umeme ni friji, ambayo hula kama nusu yuniti kwa siku. Paneli za sola za wati 400, kwa jua la huko, huleta takriban yuniti moja na nusu siku isiyo na mawingu. Inatosha friji, taa, simu na redio, lakini kukiwa na mawingu siku tatu mfululizo, vinywaji baridi huwa mada ya kikao. Betri za zamani za risasi zilikuwa na masharti: ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Za lithiamu hustahimili kushushwa zaidi, na zimebadilisha maisha haya kuliko kifaa kingine chochote cha karibuni.

Maji ni suala la nidhamu. Tangi la lita 400, watu wawili wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, huisha siku ya kumi. Wengine hununua mashine ya kuondoa chumvi, inayosukuma maji ya bahari kwenye utando kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 50 hivi. Hula umeme, hutaka matunzo, na huharibika mbali na fundi. Wengine hubeba madumu kwenye kidau cha mpira. Kidau hicho ndicho gari lao la sokoni, na usiku huvutwa juu kwa henza hadi usawa wa sitaha, kwa sababu injini yake ndogo ndiyo kitu kinachoibwa kwa urahisi kuliko vyote.

Samaki wapo, ila si wote wa kuliwa. Kaskazini mwa Martinique hasa, samaki wakubwa wa miambani kama mzia huweza kubeba sumu ya sigwatera, inayotokana na vijimea vidogo vinavyoota kwenye matumbawe yaliyoharibika. Kupika hakuiondoi. Muulize mvuvi wa hapo, naye akikataa kumla samaki huyo, usimle.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi, ingawa wao huyalalamikia kuliko mawimbi. Njia ile ya maili 300 inapita Grenada, Saint Vincent na Grenadini, Saint Lucia, Martinique, Dominica, Guadeloupe na Antigua. Kila mahali ni kuingia na kutoka, forodha na uhamiaji, na bendera ya njano juu hadi ruhusa ipatikane. Kwenye visiwa vya Ufaransa unajaza fomu mwenyewe kwenye kompyuta, pengine ndani ya duka, na kulipa kwa yuro. Kwingine ni dola ya Karibi Mashariki, iliyofungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976.

Sasa swali la Juni. Msimu rasmi wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu 10 Septemba, bahari ikiwa imepata joto la kutosha. Kimbunga hutaka maji ya nyuzi 26 na zaidi, na hutaka msukumo wa mzunguko wa dunia ili kianze kujizungusha. Msukumo huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo sababu Kenya na sehemu kubwa ya Tanzania hatuvijui sana vimbunga, hata baada ya kimbunga Hidaya kuifikia Mafia mwezi Mei 2024 kikiwa kimedhoofika. Na ndiyo sababu wenye mashua Karibi huteremka kusini. Kampuni nyingi za bima huchora mstari kwenye ramani, mara nyingi karibu na latitudo 12 kaskazini: ukikutwa juu yake Septemba, hasara ni yako.

Mstari huo, hata hivyo, haujaandikwa na kimbunga. Grenada, iliyo kwenye latitudo hiyo hiyo, ilikaa takriban miaka 50 tangu kimbunga Janet cha 1955 bila pigo kubwa, na watu wakaizoea kama kimbilio. Tarehe 7 Septemba 2004 Ivan ikaja. Nyumba 9 kati ya 10 ziliharibika, na mashua zilizosimamishwa kwenye yadi ziliangukiana. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl ikatua Carriacou, kisiwa cha Grenada, ikiwa na upepo mkali mno, miezi miwili kabla ya kilele cha msimu. Waliokuwa wamejificha kwenye mikoko ya Tyrrel Bay, mbinu ya jadi ya mabaharia wa hapo, walikuta mashua zao zimerundikana. Muda mfupi baadaye Beryl ikafikia daraja la tano, mapema kuliko kimbunga chochote kilichorekodiwa Atlantiki.

Kwa hiyo wenzi wengi siku hizi hawakai. Huipandisha mashua nchi kavu, Trinidad au Grenada kwenyewe, kwenye yadi ambayo mkuku huteremshwa shimoni na mwili wa mashua kukazwa kwa mikanda iliyofungwa ardhini, kisha hupanda ndege kurudi kwao Ulaya au Marekani hadi Novemba. Wengine huenda Curaçao na Bonaire, ambazo kwa kawaida ziko kando ya njia ya vimbunga, au hujichimbia mtoni Río Dulce, Guatemala. Maisha ya mwaka mzima baharini, basi, kwa wengi ni ya nusu mwaka. Sioni aibu ndani yake.

Suala la usalama halistahili kutiwa chumvi wala kufichwa. Februari 2024 mahabusu watatu waliotoroka Grenada waliteka katamarani iliyokuwa imetia nanga, na wenzi waliokuwamo hawakuonekana tena. Ni tukio la nadra sana, nalo liliwashtua wote. Kilichoonekana kusaidia mahali pengine ni wenyeji kuwa na masilahi: Portsmouth, Dominica, waongoza watalii wa mtoni waliunda chama chao, PAYS, kinachokodisha maboya na kufanya doria usiku. Mgeni hulala, na kijana wa hapo hupata mshahara.

Hatari ya kila siku ni nyingine, na haina mhalifu. Usiku, katika mlango wa bahari kati ya visiwa viwili, mashua ya watu wawili ina mtu mmoja tu aliye macho; mwingine analala hadi zamu yake, saa tatu au nne baadaye. Aliye zamu akianguka majini, usukani wa kujiendesha utaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana kanuni yao ni moja: gizani usiondoke penye usukani bila mkanda wa kujifungia, wala bila kumwamsha mwenzio. Lin na Larry Pardey, waliozunguka dunia kwenye Seraffyn, mashua ya mita 7.4 isiyo na injini, walijenga sifa yao juu ya mambo ya aina hii, uangalifu na vyombo vichache, kuliko juu ya ujasiri.

Anayetaka kuonja asinunue kwanza. Wenzi wakodi mashua Le Marin, Martinique, au Rodney Bay, Saint Lucia, kwa wiki mbili mwezi Januari, pepo za Krismasi zikiwa bado zina nguvu, na walale ghubani kwa nanga yao, si gatini. Usiku mmojawapo mvua na upepo vitakuja pamoja. Mmoja atatoka kuangalia nanga, na mwingine ama atainuka kumfuata ama atajifunika shuka. Walizungumzie hilo asubuhi, kabla hawajagusia bei ya mashua.